Ua wa Vigae wa Bi Mize

Paukwa!
Pakawa!
Paukwa, nimesema! Nyie wa nyuma mmelala?
Pakawa!

Haya. Hapo kale alikuwako mwanamke, Bi Mize, hana mume wala mtoto. Hakufundishwa na fundi yeyote. Aliokota vigae vya sahani na chupa, akavibandika kwenye ukuta wa ua wake: vyekundu, vya buluu, vya manjano. Akafinyanga watu, punda, hata kuku, akawavika vigae. Chokaa yake aliichanganya na utomvu anaoujua mwenyewe. Ikishika, hata shoka haliibandui. Majirani wakasema ana wazimu. Lakini kwenda kuchungulia, walikwenda!

Siku moja Riziki, mtoto wa jirani, akaenda kuutazama ua ule. Bi Mize akampokea, akamwonya kwamba kuna zimwi linazunguka, nalo haliwezi kuingia mpaka likaribishwe. Hodi ikipigwa, anyamaze. Riziki akasema amesikia.

Basi, Bi Mize yuko nyuma anakoroga chokaa, mlangoni pakabishwa. Hodi! Riziki kimya. Hodi! Kimya. Hodi! Lo, mtoto aliyelelewa, hodi ya tatu ataiachaje?

"Karibu," ulimi ukamtoka.

Bi Mize akaja mbio, akampaka majivu mwili mzima, akamsimamisha katikati ya sanamu, naye mwenyewe akajibanza nyuma yake. Mlango ukafunguka, zimwi likaingia, makucha hivi.

"Nanusa mtu," likasema. Likamnusa punda: udongo. Nanusa mtu! Likamnusa mwanamke mwenye mtungi: udongo. Nanusa mtu! Likamfikia Riziki. Mtoto alikuwa anaogopa, anaogopa kweli, na chozi likamshuka, likachora mstari kwenye majivu. Zimwi likainama kutazama.

"Bwana mkubwa," Bi Mize akasema, akijitokeza, "sanamu zote umeziona. Yako umeiona?"

Zimwi likageuka. Likatafuta ua mzima. Punda yumo, hata kuku yumo. Likaona uchungu.

"Mbona mimi simo?"

"Kaa nikutie. Ila usitikisike."

Likakaa. Bi Mize akaanzia miguuni, chokaa na vigae vya buluu. Zimwi likataka kugeuka. Usitikisike, utaharibika! Akapanda kiunoni. Likapiga mwayo. Usitikisike! Akafika shingoni.

"Nina njaa," likasema. "Nipe yule anayelia."

"Usitikisike," akasema Bi Mize, akalibandika kigae mdomoni.

Zimwi likajaribu kuinuka. Wapi! Chokaa imeshika.

Riziki akamkumbatia Bi Mize, akalia kwa sauti. Bi Mize akamfuta majivu, akamwambia lile zimwi bado halina macho, basi achague rangi. Riziki akachagua manjano.

Lipo mpaka leo, na watoto hulipanda mabegani. Naye Riziki, akibishiwa hodi, huuliza kwanza: "Nani?"

Hadithi yangu imekomea hapo, nileteeni maji ya kunywa. Adabu ni njema, wanangu, lakini kabla hujasema karibu, mjue unayemkaribisha.