Tembo wa Makopo

Alikuwapo tajiri Shekiondo, mwenye kiwanda cha sharubati. Makopo yake mabovu aliyamwaga hadi kisima cha kijiji kikazibwa. Wakimlalamikia, hujibu, "Aliyekunywa ndiye aliyetupa. Hayo si yangu."

Bi Siwema, msuka mikeka, hakubishana naye. Alichukua kamba za migomba, akayafunga makopo yote palepale kisimani, yakawa tembo mrefu kuliko mnazi. Watu wakamiminika kumtazama, hata kutoka mjini. Shekiondo aliposikia, roho ikamuuma. Akafika mbio.

"Tembo huyu namtaka getini kwangu!"

"Bwana wee! Nimemfunga kwa mikono yangu."

"Kwa makopo yangu! Tazama chapa ya kiwanda changu, toka mkonga hadi mkia."

"Mwenyekiti wa kijiji huyu hapa. Utaapa mbele yake?"

"Wallahi, kila kopo ni langu!"

"Tumesikia sote," akasema mwenyekiti.

Bi Siwema akajifunga kanga kiunoni, akachukua ndoo yake. "Haya, mwenye mali, mwondoe mnyama wako kisimani. Tuna kiu."

Shekiondo akauvuta mkonga. Kamba zikakatika, tembo akarudi kuwa taka, na safari hii taka zilikuwa na mwenyewe.