Magadi ya Tumboni mwa Bwana Jeshi

Hapo zamani za kale, wanangu, mahindi yakiwa bado ya kimo cha goti, alitokea kiwavi mnene aliyeitwa Bwana Jeshi. Yeye na kundi lake walitafuna majani, kwaru! kwaru! kwaru! hata Bi Kware akabaki ameatamia mayai yake juani, bila kivuli.

"Hama!" Bwana Jeshi akamfokea. "Shamba hili langu!"

Nukta aliyasikia hayo. Nukta alikuwa kirusi, mdogo hata sisimizi hakuweza kumwona. Aliishi juu ya jani pamoja na ndugu zake wawili wa protini: Ganda, aliyemfunika jua lisimuunguze, na Kulabu, mwenye vidole vya kunasa. Majani yakiisha, nao wamekwisha.

"Tumwingie tumboni," Nukta akanong'ona.

"We! Tumboni mwake mna magadi makali," akasema Ganda. "Mimi nitayeyuka."

Nukta akamwonea ndugu yake huruma. Roho ilimuuma.

"Usinihurumie, ndugu yangu. Nikibaki mzima, wewe utatokaje ndani yangu?" Ganda akamwambia.

Basi Nukta akapaza sauti: "Bwana Jeshi! Kula kote, ila jani hili tuachie. Tunayaogopa magadi yako!"

"Ahaa! Mnayaogopa?" Bwana Jeshi akavimba kwa majivuno. "Basi leo mtayaonja!"

Kwaru! Akalimeza jani zima.

Giza totoro. Magadi yakachemka, shwaaa! Ganda akayeyuka, Nukta na Kulabu wakachomoka wazima. Mbele yao ulisimama ukuta wa utumbo, wenye vijumba vingi, milango yote imefungwa.

"Hodi!" Nukta akaita. Kimya.

Kulabu akapapasa mlango, akapata kishikio, akakinasa, nap! "Pita upesi!"

Nukta akapenya. Humo ndani akazaa watoto tele, kila mmoja na Ganda wake na Kulabu wake.

"Nani huyo tumboni mwangu?" Bwana Jeshi akalia.

"Ni sisi, wageni wako! Magadi yako ndiyo yaliyotufungulia!"

Bwana Jeshi akapanda bua la muhindi hadi juu kabisa, akaning'inia tepetepe, asiweze kutafuna tena. Wenzake waliokula majani ya hapo, yaliyodondokewa na watoto wa Nukta, nao wakalegea vivyo hivyo.

Mvua iliponyesha, mahindi yakatoa majani mapya, na chini yake mayai ya Bi Kware yakaanguliwa, pwa! pwa! pwa!

Hivyo ndivyo ilivyokuwa, wanangu: anayejivunia nguvu zake ovyo humwonyesha mdogo pa kupitia.