Zimwi Lililotaka Jina

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmemeza pamba? Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sasa. Hata kuku wa jirani wameshtuka.

Palikuwa na shule moja kijiji cha Kwamatope. Wanafunzi wake wengi hao, wakipiga chafya pamoja, mabati ya kijiji cha pili yanang'oka! Na humo shuleni palikuwa na msichana, jina lake Mwanahawa. Mikono yake haijapata kumpiga mtu. Lakini mdomo! Ule mdomo ukikukata asubuhi, mpaka jioni bado unatafuta umekatwa wapi.

Kazi yake ilikuwa kuwabandika watu majina. Mwembamba akamwita Njiti. Mwenye meno marefu ya mbele akamwita Panya Buku. Wenzake wakicheka, roho yake inanawiri kama mchicha uliomwagiwa maji.

Siku moja akaja mtoto mgeni, amehamia kwa bibi yake. Mtoto mpole, masikio makubwa. Makubwa kweli, sisemi uongo: upepo ukivuma, sharti ashike mti asipeperuke. Kabla hajakaa kitako, Mwanahawa akapaza sauti:

"Jamani, ungo umeingia darasani! Ungo wenye miguu!"

Wakacheka. Wakacheka mpaka dawati likavunjika. Wakacheka mpaka Mwalimu Shomari naye akaficha mdomo kwa daftari.

Basi tangu siku hiyo ikawa Ungo asubuhi, Ungo mchana, Ungo jioni. Mwalimu naye akalizoea, hata kwenye daftari la mahudhurio akaandika: Ungo.

Mtoto akasema, "Mimi siitwi hivyo." Hakuna aliyemsikia. Akasema tena, "Mimi siitwi hivyo." Hakuna aliyemsikia. Mara ya tatu hakusema. Wakati wa mapumziko akawa anakwenda kukaa peke yake, kule mwisho wa uwanja, nyuma ya vyoo.

Basi siku moja likapita zimwi.

Lo! Zimwi refu hilo, mvua ikinyesha kichwa kinalowa Jumatatu, miguu inalowa Jumatano. Puani wamejaa popo. Meno kama majembe, na katikati ya meno limenasa gurudumu la baiskeli. Likachungulia uwanjani. Watoto wako makundi makundi, mmoja tu yuko peke yake. Likanyoosha mkono, likambwakia mzima mzima, hata kutafuna halikutafuna.

Kisha likakaa kitako katikati ya uwanja, ardhi ikasema puu!

"Msikimbie!" likanguruma. "Mimi ni zimwi la haki. Mtoto mwenye watu wake mimi simli. Niambieni jina lake, nitamtapika. Jua likizama hamjaniambia, basi hana mwenyewe huyu. Ni chakula changu."

"Ah, rahisi hiyo!" watoto wakaitana. "Ungo! Ungo! Ungo!"

Tumboni kimya.

Zimwi likacheka mpaka popo wakaruka. "Hilo mmembandika nyie. Nataka alilopewa na waliompenda."

Mwalimu Shomari akafungua daftari lake mbio mbio. Ungo. Akafunua ukurasa wa pili. Ungo. Akafunua wa tatu. Ungo.

"Mwalimu mzima mimi," akasema polepole, "simjui jina mwanafunzi wangu."

Watoto wote wakamgeukia Mwanahawa. Si yeye fundi wa majina? Mdomo ukamkauka kama gunzi la mwaka juzi. Akatazama lile tumbo. Mle ndani kuna mtu, na aliyemtenga na wenzake ni yeye.

"Nakwenda kwao," akasema.

Akakimbia! Akakimbia mpaka kivuli chake kikabaki nyuma kikimwita, "Nisubiri, mwenzangu!" Akafika kwa yule bibi, anaitwa Bibi Mize, akamkuta ukumbini anamenya muhogo.

"Hodi, bibi! Shikamoo!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona unahema hivyo? Nani wewe?"

"Mwanahawa, bibi. Nasoma na mjukuu wako."

Bibi Mize akaangua kicheko, kisu kikamponyoka. "Mwanahawa! Kumbe ndiye wewe! Kila siku hapa Mwanahawa, Mwanahawa. Ananiambia ni rafiki yake huyo, mcheshi, anawachekesha shule nzima. Kaa mwanangu, kaa, nikupe muhogo."

Mwanahawa hakukaa. Yale maneno yalimwingia kuliko kofi. Mtoto hakumsema vibaya kwao hata siku moja. Alimsifu!

"Bibi, mimi si rafiki yake."

"Unasemaje?"

"Ninawachekesha kwa kumcheka yeye. Masikio yake. Tunamwita Ungo. Shule nzima inamwita Ungo, na sasa zimwi limemmeza, linataka jina lake, na hakuna anayelijua."

Muhogo ukamdondoka Bibi Mize mapajani.

"Nani aliyeanza kumwita hivyo?"

"Mimi, bibi."

Mwanahawa akafumba macho, akingoja fimbo. Fimbo haikuja.

"Anaitwa Machano," bibi akasema. "Jina la marehemu mume wangu, aliyechimba kile kisima mnachonywea maji hapo shuleni. Hayo masikio pia ni yake, na mimi niliyapenda miaka arubaini. Haya, mbio! Nami nakuja nyuma."

Mwanahawa akaruka vichaka, akaruka mabonde, akaruka ng'ombe wawili na mchungaji wao. Njia nzima, Machano, Machano, Machano. Akafika uwanjani jua limebaki jembamba kama ukucha, na zimwi linajipapasa tumbo.

"Machano!" akaita Mwanahawa.

Zimwi likacheua kidogo. "Mmoja hanitoshi. Mlimcheka wangapi?"

"Machano!" akaita Mwanahawa, na Mwalimu Shomari, na darasa lao.

Zimwi likajishika tumbo, jasho likalitoka ndoo saba.

"MACHANO!" Safari hii shule nzima, na mpishi wa uji, na Bibi Mize anayeingia getini na kanga yake mkononi.

Na kule tumboni, mtoto aliyekuwa hajibu kitu, akaitika:

"Naaam!"

Loo! Ile naam ililipasua zimwi mbavu mbili. Likatapika. Likatapika mapipa, likatapika baiskeli isiyo na gurudumu, likatapika beberu bado anacheua majani, na mwisho kabisa likamtapika Machano, ameloa mate toka utosini, masikio yake yote mawili yapo.

"Shule hii imeharibika!" likalia zimwi, likijikongoja. "Wanajuana majina! Mtu atakula wapi?" Likaenda zake na njaa yake.

Bibi Mize akamkumbatia mjukuu wake, mate na yote. Mwalimu Shomari akapiga magoti mchangani, akafuta Ungo ya kwanza, akaandika Machano, akaendelea mpaka akazimaliza zote, watoto wakimtazama.

Mwanahawa akasogea.

"Nisamehe," akasema.

"Sema tena," akasema mtoto.

"Nisamehe."

"Siyo hilo. Jina."

"Machano."

"Tena."

"Machano," akasema Mwanahawa, machozi yanamtiririka.

"Naam," akaitika Machano, akampa mkono. "Twende zetu, giza linaingia."

Hadithi yangu nimeitua hapo, mwenye nguvu aibebe. Nanyi mnaosukumana hapo nyuma, shikeni hili: mwite mwenzako jina alilopewa kwao. Na ukimwona amekaa peke yake, mfuate wewe kabla halijamfuata zimwi.