Simba wa Ng'ambo ya Mto

Asiyefika huchora simba. Mmelisikia neno hili leo, wanangu, nanyi mkataka kujua ni nani aliyelisema kwanza na simba huyo ni yupi. Basi tulieni niwape chanzo chake.

Pale Pangani aliishi mwanamke aitwaye Thuwaiba, fundi wa kushona nguo. Wengi walimjua kwa mishono ya harusi, lakini aliyeingia ndani kwake alisahau habari za nguo. Kuta zake zilijaa ramani za kale, zile zilizochapwa Ulaya zama mabaharia wao walipokuwa ndio kwanza wanaizunguka Afrika. Alizipata moja moja, katika nyumba kongwe zilizokuwa zikibomolewa, na kwa warithi wasiojua wafanyie nini makaratasi ya babu zao. Alizisugua vumbi taratibu kwa chembe za mkate mkavu, akazikinga na jua kwa mapazia aliyoyashona mwenyewe.

Aliyoipenda kupita zote ilikuwa nusu tu, upande wa mashariki wa ramani ya vipande viwili. Bahari yake ilipakwa rangi ya kijani kwa mkono. Humo nyangumi alirusha maji kama chemchemi, na pembeni vichwa vya watoto wenye mashavu yaliyovimba vilipuliza pepo za dunia. Majina ya miji ya pwani yaliandikwa kwa herufi nyembamba kama uzi. Lakini upande wa bara karatasi ilikatika ghafla, na pale ukingoni palikuwa na mkia wa mnyama. Mkia tu. Thuwaiba alikuwa akiutazama huku akinywa chai, akijiuliza mwenye mkia yuko wapi.

Siku moja seremala wake, Fundi Mbaruku, alileta fremu mpya, naye akauona.

"Marehemu baba aliwahi kutia fremu karatasi kama hii," alisema. "Ng'ambo ya mto, kwa Bi Rehani, kule kilimani. Alituhadithia simba asiye na mkia, tukacheka."

Thuwaiba aliweka sindano chini. "Nipeleke."

"Dada Thuwaiba, kule hakuendeki! Yule bibi humtukana kila anayekaribia. Sauti yake husikika mpaka kivukoni. Na wanasema ana jicho baya."

"Wewe umewahi kufika?"

"Mimi? Mungu anisitiri!"

"Na hao waliokuambia?"

Fundi Mbaruku alikuna kichwa, akasema fremu nyingine inamngoja.

Thuwaiba alivuka peke yake. Alipokuwa akipanda kilima moyo ulimwenda mbio, maana naye aliyasikia maneno yale tangu utotoni. Alipiga hodi. Kimya. Akagonga kwa nguvu. Mlango ulifunguka kwa kishindo, na bibi mmoja mwembamba akapaza sauti iliyowarusha kunguru juu ya paa.

"NANI WEWE? UNATAKA NINI?"

Nusura Thuwaiba akimbie. Lakini macho ya bibi hayakuwa na hasira. Yalikuwa yameganda kwenye midomo yake, yakingoja.

"Shikamoo, bibi," alisema polepole.

"MARAHABA! Sema ukiwa umenitazama, mwanangu. Masikio yangu yamenitangulia kaburini."

Kumbe ndiyo yale matusi. Bibi hakuwa akisikia, wala hakujua kwamba anapiga kelele.

Ndani, ukutani, simba alikuwa ameketi katikati ya bara, manyoya ya shingo yamepakwa dhahabu, na nyuma yake mkia haupo. Thuwaiba alisimama mbele yake mpaka machozi yakamlengalenga. Bi Rehani alimtazama, kisha akaitungua ramani na kumwekea mikononi.

"ICHUKUE. Tangu mume wangu afe hajaingia mtu humu. Wewe umefika, ni yako."

Alikuwa ameitafuta nusu ile ujana wake wote. Ndipo akakiona kiti kimoja tu, kimeelekezwa pale ilipotoka ramani, mito yake imebonyea kwa kukaliwa. Akaelewa kwamba simba yule ndiye aliyekuwa mwenzake bibi.

Akairudisha ukutani.

Kesho yake alivuka tena akiwa amekumbatia nusu yake mwenyewe, akaitundika kando ya ile nyingine. Mkia ukampata mwenyewe. Bahari, pwani na bara vikawa nchi moja, na Bi Rehani akapiga kigelegele kilichofika kivukoni.

Habari zilienea. Watu walikuja, kwanza wakisimama uani, kisha mlangoni, kisha ndani. Hata Fundi Mbaruku alikuja, akaistaajabia ramani kwa muda mrefu.

"Lakini Dada Thuwaiba," aliuliza, "mbona simba amekaa hapa, penye mito na miji ya watu?"

"Mchoraji alikaa kwao akingoja habari za mabaharia. Pwani walifika, naye akachora miji. Huku hawakufika. Asiyefika huchora simba."

Bi Rehani alikuwa akiwapitishia wageni kahawa. Alisimama mbele ya Mbaruku, akampa kikombe. "KUNYWA, MWANANGU, ISIPOE!"

Mbaruku alimtazama simba, akamtazama bibi. Akapokea kwa mikono miwili, macho chini.

Tangu hapo, mtu wa Pangani akianza kumsema jirani ambaye yeye mwenyewe hajawahi hata kumpigia hodi, wenzake hawabishani naye. Humwambia tu: asiyefika huchora simba.