Marehemu Adai Gari Lake

Palikuwa na tajiri katika mji mmoja wa Mrima, Mwinyi Shomvi, aliyemtaka mtu aliye hai akubali kuwa amekufa. Mtu mwenyewe ni Kibwana, mchukuzi wa mizigo. Wawili hao walikuwa na gari la punda la shirika: tajiri alitoa mbao na magurudumu, Kibwana akatoa punda na jasho. Majina yao yalichongwa ubavuni mwa gari, na mbele ya kadhi wakapatana kwamba atakayetangulia kufa, gari lote litakuwa la atakayebaki.

Kibwana akaenda kumtazama dada yake ng'ambo ya mto. Homa ikamlaza huko msimu mzima. Aliporudi alimkuta mkewe yumo edani, na jina lake yeye Kibwana limepigwa randa ubavuni mwa gari. Mwinyi Shomvi alikuwa ameapa kwa kadhi kwamba Kibwana amekufa, kisha akamsomea hitma na kuchinja ng'ombe.

"Ng'ombe mzima?" Kibwana alimwuliza mkewe. "Na nilipokuwa hai hata ukwato sikuambulia! Ningejua, ningekufa mapema."

Lakini bila gari hapakuwa na mlo. Akaenda barazani kwa kadhi, watu nyuma yake.

"Nataka gari langu, Shehe."

"Hukumu imekwisha kutoka," alisema kadhi. "Mwinyi Shomvi ameshuhudia kuwa umekufa. Shahidi wako nani?"

"Mimi hapa."

"Mwenye kesi hajishuhudii."

"Kweli. Na kwa sura hii, hata mimi nisingejiamini."

Watu wakacheka. Mwinyi Shomvi hakucheka.

"Kibwana, usijiaibishe. Hitma imesomwa, pilau imeliwa. Nenda kapumzike."

"Basi nimekubali, Mwinyi. Nimekufa. Maisha yangu yote sikumaliza jambo. Hili angalau nimelimaliza."

"Shehe, umemsikia!" tajiri akadakia.

"Ila nimekuja na salamu zako," akasema Kibwana. "Huko nilikotoka nimeonana na marehemu baba yako."

Watu wakasogea karibu.

"Hajambo, lakini ana hasira. Anasema alikuusia uchimbe kisima pale msikitini, kiwe sadaka yake. Kila anayefika huko kutoka mji huu anafika na kiu, na wote wanamlalamikia yeye. Nilipomwambia hata jembe hujalishika, alilia. Nikamwazima leso yangu. Ilikuwa chafu, unanijua."

Kadhi akamgeukia tajiri. "Wasia ule niliusikia kwa masikio yangu. Sasa mzee amekuletea mjumbe. Utachimba lini?"

"Shehe, nawe unamsikiliza huyu?"

"Si wewe uliyeapa kuwa amekufa? Mtu akifa huenda wapi?"

"Mzee anasema kesho asubuhi," Kibwana akaongeza. "Na maji yasiuzwe. Anasema anakujua."

Mwinyi Shomvi akainuka kwa ghadhabu, kilemba kikamwanguka.

"Mwongo mkubwa! Baba yangu umemwona wapi? Shehe, huyu ahera hajafika hata mlangoni!"

Kibwana akaokota kilemba, akakipangusa vumbi, akamrudishia mwenyewe kwa mikono miwili.

"Shehe," akasema, "uliniuliza shahidi wangu nani. Ndiye huyu."