Wimbo wa Kumsifu Mwenyekiti

Mwenyekiti wa mtaa, Bwana Mkwanda, alijijua mwenyewe: ukimsifu kidogo tu, kichwa kinavimba. Bahati mbaya Zamda wa darasa la tano alilijua hilo pia.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Watoto tunaomba nafasi mkutanoni, tuzungumzie matofali yako uliyoyarundika kwenye uwanja wetu wa michezo."

"Marahaba. Mkutano ni wa watu wazima. Kazi ya watoto ni kumwimbia mgeni rasmi, basi."

"Basi tutaimba. Ila tungependa tukusifu wewe."

Mkwanda alijifanya kusita. "Mimi? Kwa lipi?"

"Hatutakosa, Mwenyekiti."

Siku ya mkutano diwani alikuja kama mgeni rasmi. Mkwanda mwenyewe aliagiza spika ziongezwe sauti, na ngoma zilipolia tu akajitoma katikati ya watoto, akakata kiuno mpaka koti likampanda mgongoni. Maneno hakuyasikiliza. Kila aliposikia jina lake, alizidisha.

Vigelegele vya kina mama ndivyo vilivyomshtua. Watoto walikuwa wakiimba: "Asante Mkwanda, kesho unatuondolea matofali!"

Diwani alikuwa ameshamshika mkono. "Viongozi wanaoahidi nimewaona wengi, lakini anayeicheza ahadi yake ni wewe peke yako!"

Angekanaje, naye bado anahema?

Zamda akamsogelea kwa adabu. "Mwenyekiti, tuendelee na ubeti wa pili?"

"Unasemaje huo?"

"Unakusifu kwa kutujengea vyoo."

Ngoma zilikuwa bado zinalia. Mkwanda aliitazama miguu yake, na miguu ilikuwa imeshaanza kucheza.