Ruba wa Sikudhani

Anayekula aweke sahani chini kwanza. Hadithi hii haishuki pamoja na ugali.

Walikuwapo wanawake watatu. Skolastika alikuwa daktari wa upasuaji, mwenye jicho la kuona mshipa mwembamba kama uzi wa buibui. Havijawa alikuwa mkata matete. Hakuna kinamasi asichokijua. Asumini yeye hakuwa na ufundi wa kutaja, ila akishika jambo haliachii. Na alikuwa na kinyaa kibaya: akiona funza kwenye embe, siku hiyo hali tena.

Watatu hao walikutana hospitalini, kwenye kitanda cha Sikudhani, msusi wa nywele, mja mzito. Kwa Havijawa alikuwa dada wa tumbo moja. Kwa Asumini alikuwa mke mwenza, na tangu harusi hawakuwa wakisalimiana.

Mashine ya kukatia majani ya ng'ombe ilimkata Sikudhani kidole gumba kikadondoka. Skolastika akainama juu ya mkono ule mchana kutwa, akaunga mfupa, akashona mshipa kwa mshipa. Kidole kikarudisha wekundu, ndugu wakashangilia. Kesho yake kikavimba kama bilinganya, kikawa na rangi ya bilinganya, na uvundo ukaanza.

"Damu inaingia lakini haitoki," alisema Skolastika. "Njia ya kurudi imeziba. Kwenye damu kuna protini inaitwa thrombini. Ina kama mdomo, na kwa mdomo huo hukata protini nyingine, vipande vikashikana vikawa nyuzi, damu ikaganda. Ukijikata ni jambo jema. Hapa imezidi. Nataka ruba."

"Ruba hawa wanyonya damu?" Havijawa akauliza.

"Hao hao. Mate yao yana protini yao, hirudini. Kichwa chake huingia kwenye mdomo wa thrombini kikauziba, na mkia wake mrefu huizungukia ukaing'ang'ania. Thrombini haikati tena. Damu iliyotuama itachuruzika mpaka mwili uote mishipa mipya."

Havijawa akaenda kinamasini, akapandisha kanga, akaingia na miguu mitupu, maana chambo kilikuwa yeye mwenyewe. Maji yalinuka mzoga. Ruba wakamjia, wakamganda mapajani na nyuma ya magoti, baridi, wenye utelezi kama makamasi. Ilimbidi awabandue kabla hawajashiba, kwa sababu ruba aliyeshiba haumi tena. Alitapika ndani ya maji yale yale aliyosimama, akajifuta mdomo, akaendelea.

Skolastika akawasuuza, akampa mgonjwa dawa ya kuzuia vidudu. Lakini ruba haachwi peke yake, hutambaa. Wauguzi walikuwa wachache. Asumini akavuta kigoda.

Alimshika kila ruba kwa vidole vyake, akamwelekeza kwenye kidole kilichogeuka rangi. Waliposhiba walimdondokea mapajani, wanene kama soseji mbichi, na damu nyeusi ikaendelea kuvuja ikinuka chuma na samaki. Mmoja alimpandia ndani ya mkono wa gauni hadi kwapani.

"Mama yangu wee!" Asumini akambandua, akamrudisha kwenye kidole.

"Si uondoke?" Sikudhani akamwambia. "Hunipendi."

"Sikupendi. Tulia, atadondoka."

Siku zikaenda hivyo, hadi asubuhi moja kidole kikaamka na rangi ya waridi, kina joto. Sikudhani akalia. Akaapa kwamba mtoto aliye tumboni, akiwa wa kike, atabeba jina la aliyeuokoa mkono wake.

Akazaliwa wa kike.

Wakaja wote watatu, kila mmoja akilidai jina. Skolastika akasema, "Bila maarifa, ruba ni uchafu tu wa kinamasi."

Havijawa akacheka. "Na bila ruba, maarifa ni maneno. Niliwalisha damu yangu, dada. Makovu haya hapa."

Asumini akasema, "Wewe ulifanya kazi yako, daktari. Havijawa, wewe ulimfanyia nduguyo. Mimi nilimfanyia mtu nisiyempenda, kwa kitu ninachokichukia kuliko vyote. Hadi leo nikila, naisikia harufu ile."

Sikudhani akawatazama mmoja mmoja, mtoto kifuani.

Haya, nyinyi mliosikiliza: mngekuwa nyinyi, mtoto huyu mngemwitaje?